Makocha wakuu bora wa futiboli ya vyuo Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitaka kuchafua mazungumzo matamu ya mashabiki wa futiboli ya vyuo, taja kocha bora wa wakati wote. Hapa nimejibu maswali ambayo wasomaji hurudia kuyauliza. Matokeo na miaka ni ya kumbukumbu. Mpangilio ni wangu, na asiyeupenda apange wake.

Tunazungumzia mpira upi?

Futiboli ya Marekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, inavyochezwa na vyuo vikuu. Si NFL, ambayo ni ligi ya kulipwa. Daraja la juu la vyuo lina timu zaidi ya 130, na baadhi yake, kama Michigan, Ohio State na Penn State, zina viwanja vinavyoingiza watu zaidi ya 100,000. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti na siku hizi fainali huchezwa Januari, kwa hiyo nikisema ubingwa wa msimu wa 2020, fainali yake ilichezwa Januari 2021.

Jambo la kushika mapema: mchezaji hukaa chuoni miaka mitatu au minne, wachache hufika mitano au sita, kisha anaondoka. Huwezi kumwongezea mkataba nyota wako mpaka afike miaka 34. Kinachobaki ni jezi, uwanja na kocha. Ndiyo maana jina la kocha katika mchezo huu hubeba uzito kuliko jina la mchezaji yeyote.

Kocha mkuu anafanya nini zaidi ya kusimama pembeni Jumamosi?

Kusimama pembeni ndiyo sehemu ndogo. Mipango ya mechi mara nyingi iko mikononi mwa wasaidizi wawili wakubwa, mmoja wa ushambuliaji na mmoja wa ulinzi. Mkuu ndiye anayewaajiri hao. Ndiye anayekwenda kukaa sebuleni kwa mama wa kijana wa miaka 17 huko Texas au Florida, anakula alichopikiwa, anaahidi kwamba mwanawe atasoma na atamaliza. Ndiye anayewabembeleza matajiri waliosoma chuoni hapo wafungue pochi. Na ikibaki yadi moja na sekunde chache, ndiye anayeamua kama wapige kiki au wajaribu kupenya.

Fundi wa ubao asiyejua kusajili hadumu. Msajili hodari asiyejua ubao hudumu kidogo zaidi, halafu naye anafungashiwa virago.

Unapima kwa kigezo gani?

Alikuta nini, akaacha nini. Hicho ndicho cha kwanza. Mataji nayahesabu, lakini chuo kama Ohio State kina fedha, kina uwanja na kiko katika jimbo linalozaa wachezaji kila mwaka; kocha wa kawaida tu akipewa hapo atashinda mechi nane. Nataka kujua kocha aliongeza nini juu ya alichokikuta.

Cha pili, alifanya nini mchezo ulipobadilika. Wengi walikuwa wakali kwa miaka kumi, kisha wapinzani wakagundua dawa yao nao wakabaki wakilaumu vijana wa siku hizi. Cha tatu, wasaidizi wake walifika wapi. Asilimia ya ushindi naiangalia mwisho kabisa, na walio bado kazini siwapangi. Nimewawekea swali lao huko chini.

Basi tupe orodha.

Nick Saban wa kwanza, Eddie Robinson wa pili, Paul "Bear" Bryant wa tatu, Tom Osborne (Nebraska) wa nne, Bill Snyder wa tano. Wanafuata Knute Rockne, Bobby Bowden (Florida State), Barry Switzer (Oklahoma) na Urban Meyer, na Chris Petersen anafunga kumi. Watano wa kwanza nitawatetea mpaka kukuche. Kuanzia wa sita kushuka, ukinibana vizuri nitalegea.

Saban kila mtu anamweka wa kwanza. Wewe una sababu gani ya kwako?

Mataji saba ya taifa yanajulikana: moja akiwa LSU (Louisiana State), msimu wa 2003, na sita akiwa Alabama, misimu ya 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020. Watu husahau alikoanzia. Alabama walikuwa wamemtimua Mike Shula mwishoni mwa 2006. Saban akafika, na Novemba 2007 akafungwa nyumbani 21-14 na Louisiana-Monroe, timu ndogo iliyoalikwa ije kuchukua hundi yake na kipigo. Mwaka uliofuata akashinda mechi zote 12 za msimu wa kawaida.

Kinachonivutia zaidi ni alivyokubali kuvunja kilichompa jina. Timu zake za mwanzo pale Alabama zilikuwa za kusaga: ulinzi mzito, mbio za katikati, mechi za alama chache. Kisha vyuo vikaanza kucheza haraka, wachezaji wakitawanywa uwanja mzima na mpira unaanzishwa kabla walinzi hawajapumua. Mwaka 2012 kijana Johnny Manziel wa Texas A&M alikwenda Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, na kuwaonyesha njia ya kuwafunga. Saban alilalamika hadharani kuhusu kasi hiyo. Wakati huohuo, mwaka 2014, akamwajiri Lane Kiffin asimamie ushambuliaji, mtu mwenye tabia tofauti kabisa na yake, ili nao waanze kucheza hivyohivyo. Kufikia 2020 Alabama ndiyo ilikuwa ikiwatesa wengine kwa pasi ndefu, na DeVonta Smith, mpokeaji wa pasi, akabeba tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Kocha aliyekuwa na mataji manne mkononi alirudi darasani. Sijaona mwingine aliyefanya hivyo kwa kiwango kile.

Tupe mechi moja inayomwonyesha vizuri.

Nitatoa mbili, maana moja haitoshi.

Januari 11, 2016, fainali dhidi ya Clemson mjini Glendale, Arizona. Robo ya nne, Alabama wako nyuma 24-21, na Deshaun Watson wa Clemson hakamatiki. Alabama wanapata kiki ya alama tatu na kusawazisha, kisha kila mtu anasubiri waupige mpira wa kuanzia mbali kama kawaida. Saban alikuwa ameona kwamba Clemson wamejibana upande mmoja. Akaagiza mpira ubetuliwe juu, mfupi, kuelekea upande uliokuwa wazi, na Marlon Humphrey akaudaka bila kuguswa, mpira ukabaki kwa Alabama. Kamera ikamgeukia Saban, mtu ambaye hata akishinda uso wake huwa wa mtu aliyeibiwa, na alikuwa anacheka. Alabama walishinda 45-40.

Miaka miwili baadaye, Januari 8, 2018, fainali dhidi ya Georgia mjini Atlanta. Mapumziko, Alabama wako nyuma 13-0. Kwotabeki wao (mrusha pasi anayeongoza ushambuliaji) Jalen Hurts alikuwa amepoteza mechi mbili tu tangu aanze kupangwa. Saban akamweka benchi, akamwingiza Tua Tagovailoa, mwaka wa kwanza, ambaye hajawahi kuanza mechi. Wakafika muda wa nyongeza. Tua akaangushwa vibaya, ikabidi watafute yadi 26 badala ya 10 za kawaida. Mchezo uliofuata akarusha yadi 41 kwa DeVonta Smith, mechi ikaisha, 26-23. Ni kocha gani mwingine angemtoa Hurts usiku ule? Na Hurts hakuondoka siku ile akilia. Alibaki mwaka mzima, na Desemba akaja kuiokoa Alabama dhidi ya Georgia haohao katika fainali ya SEC, ligi yao ya vyuo vya Kusini. Hilo nalo ni la kocha.

Na wasaidizi wake?

Angalia mchujo wa msimu wa 2025. Timu nne zilizofika nusu fainali zilikuwa Indiana, Miami, Oregon na Ole Miss. Makocha wao ni Curt Cignetti, Mario Cristobal, Dan Lanning na Pete Golding. Wote wanne waliwahi kufanya kazi kwenye benchi la ufundi la Saban, naye alikuwa ameshastaafu tangu Januari 2024. Ongeza Kirby Smart wa Georgia, na Jimbo Fisher aliyebeba ubingwa na Florida State msimu wa 2013. Mpaka Oktoba 2021, wasaidizi wake wa zamani walikuwa wamekutana naye mara 24 na kufungwa mara 24. Fisher ndiye aliyevunja mwiko huo, 41-38.

Eddie Robinson hakuwahi kucheza na Alabama wala Notre Dame. Iweje awe wa pili?

Hakuwahi kwa sababu hakuruhusiwa. Robinson alianza kufundisha Grambling, Louisiana, mwaka 1941 akiwa na miaka 22, akabaki palepale mpaka 1997. Ushindi 408. Grambling ni chuo cha Wamarekani weusi, na kwa karibu nusu ya kazi yake vyuo vikubwa vya Kusini havikumtaka mchezaji mweusi, seuze kocha mweusi. Siwezi kumkata alama kwa mechi alizofungiwa mlango.

Mwanzoni hakuwa na benchi la ufundi la kuitwa benchi. Nyasi za uwanja alikata mwenyewe, vifundo vya miguu vya wachezaji alivifunga mwenyewe, na mechi ikiisha alikaa kuandika habari yake ya kupeleka magazetini, maana hakuna mwandishi aliyetumwa. Msimu wake wa pili, 1942, alimaliza bila kufungwa na bila timu yoyote kupata hata alama moja dhidi yake.

Kisha hesabu wachezaji. Zaidi ya 200 walikwenda kucheza kwa malipo. Tank Younger, mwaka 1949, alikuwa wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kuingia NFL. Doug Williams alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, fainali ya NFL, Januari 1988, akirusha tachidauni nne (kufikisha mpira mwisho wa uwanja, alama sita kila moja) katika robo moja. Wakati ule mabosi wengi wa NFL walikuwa wakisema bila aibu kwamba mweusi hawezi nafasi ile ya kufikiri. Robinson alimfundisha Williams kwa kuamini kinyume chake. Mwalimu alipostaafu, Williams ndiye aliyerudi kukalia kiti chake.

Oktoba 1985 alishinda mechi ya 324 na kumpita Bryant. Wapo waliosema ushindi wa daraja la chini usihesabiwe pamoja. Sawa, uhesabiwe peke yake. Bado ni miaka 56 katika chuo kimoja, na wachezaji wake wanaonekana kwenye kila ukurasa wa historia ya NFL.

Bryant ana mataji sita na heshima ya Alabama nzima. Mbona wa tatu?

Kwa sababu nimeyaangalia mataji hayo kwa karibu. Zamani bingwa hakupatikana uwanjani. Alipatikana kwa kura za waandishi na za makocha, na kwa miaka mingi kura zilipigwa kabla ya mechi za mwisho za Januari. Alabama wakatangazwa mabingwa wa 1964, kisha wakafungwa na Texas kwenye Orange Bowl, moja ya mechi za heshima za mwisho wa msimu zinazoitwa bowl. Mwaka 1973 makocha wakawapa ubingwa, kisha Notre Dame wakawafunga 24-23 kwenye Sugar Bowl. Mwaka 1978 waligawana taji na USC (Southern California), waliokuwa wamewafunga Alabama msimu uleule, tena nyumbani. Kwa kanuni za leo, sita yale yangepungua.

Hata hivyo wa tatu si matusi. Kabla yake Alabama walikuwa wameshinda mechi nne katika misimu mitatu. Alirudi 1958, akashinda tano mwaka wa kwanza tu, na 1961 wakawa mabingwa. Mwaka 1971, umri ukiwa umesogea na watu wakinong'ona kwamba muda wake umepita, alibadilisha mfumo mzima wa ushambuliaji kwa siri na kwenda kuwafunga USC kwao Los Angeles, 17-10. Alimaliza na ushindi 323. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Desemba 29, 1982. Hakufikisha mwezi baada ya hapo, alifariki Januari 26.

Doa lipo: timu yake ilibaki ya wazungu watupu mpaka 1970, ilhali alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko wanasiasa wengi wa Alabama. Watetezi wake husema mikono yake ilifungwa na gavana. Kwangu, mtu mwenye nguvu ile angeweza kuanza mapema.

Osborne alikosea kutafuta alama mbili dhidi ya Miami?

Swali hili haliishi. Orange Bowl, Januari 2, 1984: Nebraska hawajafungwa msimu mzima, wanapata tachidauni zikiwa zimebaki sekunde 48, matokeo ni 31-30 kwa Miami. Kiki moja rahisi, ya alama moja, ingeleta sare, na sare ingetosha kabisa kuwapa kura za ubingwa. Osborne akataka ushindi, kwa jaribio la alama mbili. Pasi ikagongwa, wakapoteza.

Hakukosea. Alisubiri miaka kumi zaidi, akabeba 1994, 1995 na 1997, na katika misimu 25 hakuwahi kushinda mechi chini ya tisa. Kilichonizuia kumpandisha ni namna alivyomrudisha Lawrence Phillips kikosini mwaka 1995 baada ya kumshambulia mwanamke. Alisema kijana angeharibika zaidi akitupwa nje. Huenda aliamini hivyo. Yule mwanamke naye alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho.

Bill Snyder hana hata taji moja. Umemweka wa tano kwa utani?

Kwa dhati kabisa. Alipochukua Kansas State mwaka 1989, timu ilikuwa imemaliza misimu miwili mfululizo bila ushindi hata mmoja. Katika historia yake yote ilikuwa imecheza mechi moja tu ya bowl. Manhattan, Kansas, ni mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano. Hakuna kijana nyota anayeota kwenda huko. Snyder akaokota waliokataliwa na wengine, hasa kutoka vyuo vya miaka miwili, akawafanyisha kazi mpaka wakachoka na neno kazi. Yeye mwenyewe alijulikana kwa kula mlo mmoja kwa siku, usiku, ili asipoteze muda.

Mwaka 1998 alimaliza msimu wa kawaida 11-0 na kukosa fainali ya taifa baada ya kufungwa 36-33 na Texas A&M katika muda wa nyongeza wa pili. Mwaka 2003 aliwachapa Oklahoma, waliokuwa namba moja nchini, 35-7. Akastaafu, timu ikaanguka, akaombwa kurudi, akaibeba tena mpaka 2018. Mpe Saban chuo kile mwaka 1989 na sina hakika angebaki zaidi ya miaka mitatu. Kama kigezo ni alikuta nini na akaacha nini, Snyder angepaswa kuwa juu zaidi; nimemshusha kwa sababu mechi kubwa kabisa zilimkataa.

Rockne?

Ushindi 105, kufungwa 12, sare 5, akiwa Notre Dame kuanzia 1918 hadi 1930. Asilimia yake, 88.1, haijafikiwa na kocha mkubwa yeyote. Alikufa katika ajali ya ndege huko Kansas, Machi 1931, akiwa na miaka 43. Yuko wa sita kwa sababu ya zama zake: wapinzani wengi walikuwa dhaifu mno.

Yuko wapi Joe Paterno mwenye ushindi 409?

Simpangi. Jerry Sandusky, msaidizi wake wa miaka mingi Penn State, alipatikana na hatia mwaka 2012 kwa makosa 45 ya kuwadhalilisha watoto. Paterno alipewa taarifa mwaka 2001, akaipeleka kwa wakubwa wake chuoni, akaendelea na kazi. Chuo kilimfukuza Novemba 2011, akafariki Januari iliyofuata. Ushindi wake 111 ulifutwa, kisha ukarudishwa mwaka 2015. Kitabu cha kumbukumbu kifanye kitakavyo. Kocha ninayempima kwa alichoacha, siwezi kuruka hilo kisha niendelee kuhesabu mechi.

John Gagliardi alishinda nyingi kuliko wote. Kwa nini hayumo?

Kweli, 489, nyingi akiwa St. John's, chuo kidogo cha Minnesota kisichotoa ufadhili wa michezo. Hakupuliza filimbi mazoezini na hakuruhusu wachezaji kuangushana siku za mazoezi. Ningependa kumtafutia orodha yake. Vyuo vile havina usajili wa aina hii tunayoijadili, na kumweka karibu na Saban ni kuwaonea wote wawili.

Meyer ana mataji matatu. Kwa nini wa tisa?

Misimu ya 2006 na 2008 Florida, 2014 Ohio State, na amefungwa mechi 32 tu katika kazi yake ya vyuo. Kwa hesabu tupu angekuwa wa tatu. Ila Florida aliiacha hoi baada ya miaka sita, na Ohio State alimaliza kwa kusimamishwa mechi tatu kwa namna alivyoshughulikia tuhuma dhidi ya msaidizi wake. Mshindi mkubwa, lakini huacha nyumba inahitaji fundi.

Petersen ndiyo nani?

Boise State, Idaho. Ushindi 92, kufungwa 12. Tafuta video ya Fiesta Bowl ya Januari 1, 2007 dhidi ya Oklahoma, 43-42, kisha urudi tuongee.

Aliyeng'ara chuoni atang'ara NFL?

Mara nyingi hapana. Saban alishinda 15 na kufungwa 17 akiwa Miami Dolphins, akakimbilia Alabama. Makocha waliobeba ubingwa wa vyuo na Super Bowl pia ni watatu tu: Jimmy Johnson, Barry Switzer na Pete Carroll. Chuoni kocha huchagua wachezaji wake. NFL kila timu hupewa zamu ya kuchagua, na mtu mzima anayelipwa mamilioni hatishwi na kelele.

Walio kazini sasa, nani anakaribia?

Kirby Smart wa Georgia ndiye aliye mbele kwa kazi ndefu. Mabingwa misimu ya 2021 na 2022, fainali ya pili wakiwachapa TCU 65-7. Georgia walikuwa hawajabeba tangu 1980 licha ya kuzungukwa na vipaji. Dabo Swinney wa Clemson ana mataji mawili, 2016 na 2018, lakini amekuwa mzito kuchukua wachezaji wanaohama vyuo, na mchezo umeanza kumwacha. Kile kigezo changu cha pili kinamsubiri.

Ryan Day wa Ohio State ni kisa cha kuchekesha. Novemba 30, 2024 alifungwa nyumbani na watani wa jadi Michigan, 13-10, mara ya nne mfululizo, na mashabiki wakataka aondoke usiku uleule. Wiki saba baadaye alikuwa bingwa wa taifa, baada ya kuwafunga Tennessee, Oregon, Texas na Notre Dame.

Halafu kuna Curt Cignetti. Huyu alikuwa msaidizi wa Saban, akaacha kazi ile mwaka 2011 kwenda kuwa kocha mkuu katika chuo kidogo cha daraja la pili, Pennsylvania, mahali alipowahi kufundisha baba yake. Akapanda ngazi moja moja: Elon, James Madison, kisha mwishoni mwa 2023, akiwa na miaka 62, Indiana. Indiana ni chuo cha mpira wa kikapu. Kwenye futiboli kilikuwa kikijulikana kwa kufungwa, na hakikuwahi kushinda mechi kumi katika msimu mmoja. Mwaka wake wa kwanza akashinda 11. Wa pili, msimu wa 2025, akashinda zote 16 na kubeba ubingwa kwa kuwafunga Miami 27-21 katika uwanja wa Miami wenyewe, kwotabeki wake Fernando Mendoza akiwa na Heisman. Sijawahi kuona kazi ya miaka miwili inayofanana na hiyo katika mchezo huu. Hata Snyder alihitaji muda mrefu zaidi.

Lakini Cignetti amebebwa na sheria mpya za uhamisho, sivyo?

Zimemsaidia, ndiyo. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu Julai mwaka huo anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Mwaka 2025 mahakama iliidhinisha vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Cignetti alikuja Indiana na wachezaji zaidi ya kumi kutoka James Madison. Lakini mlango huo uko wazi kwa wote, na wenye fedha nyingi kuliko Indiana ni wengi. Wao walinunua majina. Yeye alinunua vijana waliokwisha kucheza mechi nyingi, wazoefu, wasio na nyota tano za wasaka vipaji.

Kwa hiyo naona kipimo cha kocha kinasogea. Zamani alipewa miaka minne kumlea kijana. Leo anamlea mwaka mmoja, na Januari kijana yuleyule anaweza kuvaa jezi ya mpinzani.

Ni kweli wanalipwa hata wakifukuzwa?

Sana. Texas A&M walipomtimua Jimbo Fisher Novemba 2023, mkataba uliwadai zaidi ya dola milioni 75. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa zaidi ni kocha, kumpita gavana na madaktari wa hospitali ya chuo. Wakala wa kocha ndiye mtu mwenye akili kuliko wote kwenye biashara hii.

Ninaishi Lexington, Kentucky. Je, sisi hatuna letu?

Mnalo, na Wakongo na waswahili wengine wengi mlioko huko mnapaswa kulijua. Bear Bryant alifundisha Kentucky kuanzia 1946 hadi 1953, kabla ya umaarufu wote wa Alabama. Alishinda mechi 60, akabeba SEC mwaka 1950, kisha Januari 1951 akawafunga Oklahoma 13-7 kwenye Sugar Bowl, waliokuwa wameshinda mechi 31 mfululizo. Rekodi yake pale ilidumu mpaka Mark Stoops alipoivunja mwaka 2022.

Walioko Iowa City nao wana Kirk Ferentz, yuko hapo tangu 1999, na mwaka 2025 alimpita Woody Hayes kwa ushindi katika historia ya ligi ya Big Ten. Si wa orodha yangu. Lakini nenda uwanjani hata kama mchezo huuelewi: robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima, wachezaji wa timu zote mbili wakiwemo, hugeuka na kuwapungia mikono watoto waliolazwa hospitali iliyo jirani, nao wanapunga kutoka madirishani.

Nikiwa Dar au Nairobi, nitazame saa ngapi?

Jumamosi. Septemba na Oktoba mechi za mapema huanza saa moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki, za katikati saa nne na nusu usiku, na kubwa za usiku wao ni saa nane au tisa usiku wetu. Novemba, wakirudisha saa nyuma, ongeza saa moja kwa zote. Kama utatazama moja tu kwa mwaka, chukua Michigan na Ohio State, Jumamosi ya mwisho wa Novemba, kwa kawaida saa mbili usiku. Usifuate mpira muda wote. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi; la nne likifika, mtazame kocha, uone anawapungia wapiga kiki waingie au anawarudisha benchi.